Kesi Ninayo

Kwa miaka tisa mwanamke huyu aliingia masjala ya mahakama kila siku ya kazi, saa mbili na robo asubuhi, mpaka makarani wakambatiza jina: Mama Rejista. Hakuwa karani wala wakili. Alikuwa mpekuzi. Mtu akiomba kazi, mwajiri hupeleka jina lake kwenye kampuni fulani ichunguze kama ana rekodi mahakamani, na kampuni hiyo ndiyo iliyomlipa Mama Rejista. Asubuhi anakabidhiwa orodha ya majina, anakwenda kufungua daftari kubwa la kesi za madai, zile za watu kugombania nyumba, mipaka, mikataba na kazi. Anateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa, halafu anajaza fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Ana kesi. Hana kesi. Unatia tiki, unaweka sahihi, unakwenda jina linalofuata.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu daftari hilo, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Linakupa jina la mtu, namba ya kesi na mwaka, basi. Halikuambii nani alimshtaki nani. Halikuambii nani alishinda. Aliyeonewa na aliyemwonea wamekaa humo wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna wa kuwatenganisha. Ukitaka kujua ukweli ni lazima uombe jalada lenyewe, na majalada yako stoo, chini kabisa, na karani wa masjala na zile ngazi hawaelewani. Jalada moja linaweza kula nusu siku. Mama Rejista alitakiwa kumaliza majina sitini kila siku, kwa hiyo majalada aliyasikia tu.

Jumatatu moja, baada ya chakula cha mchana, meneja alimwita. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, na feni moja inayozunguka pale inapojisikia. Mlangoni kulikuwa na kidirisha cha kioo cha kusikilizia wageni, ili wasiingie ndani wakazoea. Meneja alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kupanga kalamu zake mezani kabla hajasema jambo baya. Siku hiyo alizipanga mara mbili.

"Mama, kaa."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema tu."

"Unajua tumepata ile hospitali kubwa. Mkataba mnono. Sasa wametia sharti kwamba hata wapekuzi wapekuliwe, na mimi siwezi kukataa. Jina lako alipewa Chapchap." Akamsogezea karatasi kwa kidole kimoja. "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Sitaweza kuuongeza."

Mama Rejista alivaa miwani. Majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kisanduku cha Ana kesi kilikuwa kimetiwa tiki moja nene yenye mkia mrefu, na tiki hiyo aliijua. Ilikuwa ya yule mwenzake wa miaka thelathini aliyeitwa Chapchap kwa sababu aliweza kumaliza majina sabini na chai yake bado ina moto.

Kicheko kilimtoka bila kukiita.

"Bwana meneja, hiyo kesi nimeifungua mimi. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alibadilisha kufuli la nyumba yetu, tukiwa msibani. Mimi na mtoto tukabaki nje na mifuko. Nikamshtaki nikamshinda, na nyumba ndiyo hiyo ninayolala mpaka leo."

"Nakuamini kabisa."

"Basi andika."

"Niandike wapi?" Meneja aliigeuza fomu mbele na nyuma, taratibu, kama anayemwonyesha mtoto kwamba mkononi hamna kitu. "Hakuna nafasi ya maelezo, mama. Unajua mwenyewe."

Alijua mwenyewe, tena kuliko mtu yeyote duniani. Alipoanza kazi fomu ilikuwa na mstari wa tatu, umeandikwa Maelezo, na alikuwa yeye, kwa mdomo wake huohuo, aliyemwendea meneja wa wakati ule akamwambia, "Mstari huu unatuchelewesha bure. Daftari halisemi nani kashtaki nani, sasa sisi tuandike nini? Utoeni." Wakautoa. Wakamsifu mbele ya watu kwamba ana akili ya kazi, wakampa na kikombe chenye nembo ya kampuni. Kisha wakapandisha majina kutoka thelathini hadi sitini. Kikombe alikuwa anakinywea chai mpaka asubuhi ya siku hiyo.

Akatoka bila kuaga. Kwenye ngazi alikuwa anajisemea peke yake, na aliyosema siyaandiki.

Nyumbani alimkuta binti yake barazani, kwenye cherehani, anatia kola kwenye mashati ya sare za shule. Alikuwa na miaka tisa siku ile ya kufuli, sasa alikuwa fundi kamili, mwenye wateja wake na ulimi wake. Mama Rejista alimwaga yote pale pale, mkoba ungali begani. Alimsema meneja, akamsema Chapchap na tiki yake yenye mkia. Akamalizia na hospitali.

"Mtu ameshinda kesi, halafu anamwaga unga kwa sababu alishinda," alisema. "Wangefungua jalada tu. Kulifungua tu, wangeona."

Binti alikata uzi kwa meno. "Na wewe yale ya wenzio ulikuwa unayafungua?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu, mama. Miaka tisa. Hao uliowatia tiki, uliyafungua majalada yao?"

Mama Rejista alitaka kumtolea uvivu. Alifungua mdomo kabisa. Lakini badala ya neno akamjia mtu akilini. Alikuwa mzee mmoja, fundi wa lifti, wiki tatu nyuma. Alikuja kwenye kile kidirisha cha kioo amebeba karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, zimekunjwa kwa adabu. Alikuwa ameomba kazi hospitali ileile, kutunza lifti zao. "Dada yangu," alisema, "mimi ndiye niliyewashtaki. Walinifukuza kwa kuwa nilikataa kusaini kwamba lifti ni salama na breki zimekwisha. Hukumu hii hapa, ina muhuri. Isome tu." Na Mama Rejista, majina sitini yakimsubiri, hakunyoosha hata mkono. Alimwambia, "Mzee, sisi tunaandika kilichomo daftarini," akavuta kioo. Yule mzee alisimama nje kidogo, akairudisha hukumu yake mfukoni, akaondoka.

"Sikuyafungua," alimwambia bintiye. Akaketi kwenye kigoda, akauona mkoba wake kama mzigo wa mtu mwingine. Aibu ilimshika barabara, ile aibu inayopandisha joto masikioni. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa hasira za karibu, aibu haikukaa sana kabla haijageuka kitu kingine.

"Nina wiki mbili kabla hawajanitoa," alisema. "Wataniona."

Kesho yake saa mbili na robo alikuwa masjala. Karani wa masjala, mwanamke wa rika lake mwenye miwani ya kamba na magoti yasiyopenda kazi, alimsukumia daftari kama kawaida.

"Majina mangapi leo, mwenzangu?"

"Leo sitaki daftari. Nataka majalada. Kumi na mawili."

Karani alivua miwani akamtazama. "Unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa. Nimepona jana."

Majina kumi na moja aliyanakili kutoka daftari lake la mkononi, dogo la shule, alimokuwa akiandika kila aliyemtia tiki. Hao wote walikuwa waombaji wa kazi hospitalini ambao yeye mwenyewe, kwa sahihi yake, alikuwa amewatia tiki ya Ana kesi. La kumi na mbili lilikuwa lake. Karani alisoma orodha, akafika chini, akaona jina la mwisho.

"Zile ngazi zitaniua," alisema hatimaye.

"Nipe ufunguo nishuke peke yangu."

"Sheria hairuhusu."

"Basi tushuke wote, tufe wote."

Wakashuka, mmoja ameshika ukuta, mwingine ameshika mkono wa mwenzake, karani analalamika kila ngazi kwa jina lake. Stoo ilikuwa na taa moja na rafu za chuma zilizopinda kwa uzito. Majalada yalikuwa yamefungwa kamba za katani, mengine panya wameshapitia kona zake. La kwanza kulipata lilikuwa lake. Alilifungua, akatafuta ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti: "Mahakama inaona kwamba mdai ana haki ya kuishi katika nyumba hiyo, na kwamba mdaiwa hakuwa na haki yoyote ya kumfungia mlango."

Siku ile hukumu iliposomwa alikuwa amesimama na viatu vya kuazima. Hakuwa na wakili, alijitetea mwenyewe kwa maneno aliyoyaandika nyuma ya kalenda. Shemeji yake alikuja na ndugu wanane wa kumtisha kwa macho. Hakimu alipomaliza kusoma, ndugu wanane walitazama viatu vyao. Katika maisha yake yote hakuwa na siku nyingine kama hiyo, hata ya harusi haikuifikia.

"Soma tena hapo kwenye mlango," alisema karani.

Akasoma tena.

Iliwachukua siku nane, maana mengine yalikula nusu siku na mengine siku nzima. Siku ya pili Chapchap alimfuata pale masjala, amekunja shingo.

"Mama, wallahi sikujua ni wewe. Niliona jina tu, nikatia tiki."

"Ulisoma majina yangu yote matatu, mwanangu, na tunakaa meza moja."

"Sisomi majina, mama. Naangalia kama yapo."

Angeweza kumpa vidonge vyake, na vilikuwa tayari mdomoni. Lakini hata yeye hakuwa amesoma majina kwa miaka tisa. "Basi fidia," alimwambia. "Chukua sitini zangu uziweke juu ya zako, mpaka nimalize huku chini." Chapchap akachukua. Ilibidi siku hizo chai yake ipoe.

Majalada yakafunguka moja baada ya jingine. Kati ya wale kumi na mmoja, saba walikuwa wao ndio walioshtaki, na wote saba walikuwa wameshinda. Kulikuwa na muuguzi aliyemshtaki mwenye nyumba kwa kumkatia maji, na mpishi aliyenyang'anywa kiwanja na mjomba. Fundi wa lifti alikuwemo, na hakimu alikuwa ameandika kwamba kwa kukataa kusaini huenda aliokoa watu. Wawili hawakuwa wao kabisa, majina tu yamefanana, na mmoja wa hao wenye kesi alikuwa amekwisha kufariki kabla mwombaji hajazaliwa. Mmoja alipatana na mwenzake nje ya mahakama wakapeana mikono. Mmoja tu ndiye aliyeshtakiwa akashindwa, dereva aliyejenga ukuta juu ya mfereji wa jirani akakataa kuubomoa. Mama Rejista alimwandika hivyohivyo alivyo, na ukuta wake. Hakwenda pale kumpaka mtu mafuta.

Ndiyo, aliandika. Alichukua fomu mpya kumi na mbili, akachukua na rula ya binti yake ya kukatia vitambaa. Chini ya visanduku viwili alichora mstari, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: Maelezo. Kwa kila mtu aliandika nani alimshtaki nani, kwa sababu gani, na mahakama ilisema nini. Akaambatanisha nakala ya hukumu yenye muhuri. Kila fomu ya upekuzi hubeba sahihi ya mpekuzi, haihitaji ya meneja, na yeye sahihi alikuwa nayo. Fomu ya kumi na mbili, yake mwenyewe, ilipasa itiwe sahihi na mtu mwingine. Alimpelekea Chapchap pamoja na jalada, akamsimamia mpaka aliposoma hukumu yote. Chapchap alisoma polepole kwa mara ya kwanza katika ajira yake, kisha akaweka sahihi.

Siku ya mwisho ya mwezi iliangukia Ijumaa. Meneja alimwita saa nane mchana, na safari hii kalamu zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Mama, kaa. Tafadhali."

Akakaa.

"Nimefikiri sana," alisema meneja. "Wewe ndiye unayelijua lile daftari. Chapchap peke yake hawezi, wiki hii ameniletea malalamiko matatu. Kwa hiyo nimepata njia." Akatoa fomu safi mtotoni mwa meza. Majina yake yote matatu. Tiki ilikuwa kwenye Hana kesi. "Ile ya kwanza nimeichana. Hii nitaipeleka mimi. Saini hapa chini kwamba umeiona, Jumatatu urudi kazini, mkataba wa miaka miwili. Hakuna atakayeshuka stoo kuangalia."

Ilikuwa kazi yake, ile pale, umbali wa kalamu. Ilikuwa mshahara, na hofu ya wiki mbili imekwisha. Nisiwadanganye, aliitazama ile karatasi muda mrefu. Feni ikazunguka, ikasimama, ikazunguka. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na katika umri huo watu hawakuiti kazini, wewe ndiye unayegonga.

"Umeandika sina kesi," alisema.

"Ndiyo. Umesafishika."

"Kwani nilikuwa mchafu?"

Meneja akatafuta kalamu ya kupanga, hakuipata.

"Kesi ninayo," alisema Mama Rejista. "Nilikwenda pale na viatu vya kuazima, watu wanane wananikodolea macho, nikasema mbele ya hakimu kwamba nyumba ni yangu. Hilo ndilo jambo kubwa nililowahi kufanya. Kwanza ulitaka kunifukuza kwa ajili yake. Sasa unataka nisaini kwamba halikutokea, na naona afadhali kule kufukuzwa."

"Mama, nakusaidia."

"Na fundi wa lifti unamsaidia lini?"

"Fundi gani?"

Ndipo alipofungua mkoba. Alitoa nakala kumi na mbili, akaziweka juu ya ile fomu safi. Meneja aliinua ya juu. Aliona mstari uliochorwa kwa rula, akaona neno Maelezo, akaona hukumu nyuma yake. Kisha akaona kitu kingine kwenye kona, na hapo rangi ikamwondoka. Kilikuwa muhuri wa mapokezi wa hospitali. Imepokelewa. Tarehe ya leo. Saa nne asubuhi.

Bahasha ya Ijumaa ya kwenda hospitali huwa anaipeleka Mama Rejista. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya kazi hiyo.

"Umewapelekea bila kuniuliza."

"Zile tiki za kwanza pia nilizipeleka bila kukuuliza. Hukulalamika."

"Na yako imo?"

"Imo. Ipo juu kabisa."

Simu ya mezani ikalia. Meneja aliipokea akiwa bado anaitazama ile mihuri. Alisema ndiyo, akasema ndiyo tena, akasema hapana hatuna utaratibu huo, akasikiliza kwa muda, akasema sawa, tutaangalia. Akaiweka chini kwa uangalifu.

"Ni afisa utumishi wao," alisema. "Fundi wa lifti aende Jumatatu. Na wengine tisa wanawaita upya."

"Na mimi?"

Meneja alisita. Hakuwa mtu mbaya, na ilionekana kwamba jibu lenyewe halikumfurahisha. "Kuhusu wewe wamesema sharti lao ni lilelile. Mpekuzi asiwe na kesi ya aina yoyote, hata ya kushinda." Akaisukuma tena ile fomu safi, kidogo tu, kwa ncha ya kidole. "Ningewaambia ile ya asubuhi ilikuwa makosa. Bado ningeweza."

Mama Rejista alisimama. Alivua kitambulisho cha kampuni shingoni akakiweka mezani. Kisha akakumbuka, akaenda chumba cha pili, akarudi na kile kikombe chenye nembo, akakiweka kando ya kitambulisho. Chapchap alikuwa amesimama mlangoni na orodha yake mkononi.

Mama Rejista akachukua ile fomu safi. Meneja akanyoosha kalamu haraka, akidhani amekubali. Aliipokea. Akakata tiki ya Hana kesi kwa mstari mmoja, akatia tiki kwenye Ana kesi. Chini yake, bila rula, mkono wake mwenyewe ukachora mstari wa tatu, umepinda kidogo, akaandika juu yake: Nilishtaki. Nilishinda. Akaweka sahihi, majina yote matatu.

"Hii ndiyo umwonyeshe huyo afisa wao," alisema, akashuka ngazi kwenda nyumbani kwake.